Sifa ya Kuhutubia Bila Karatasi

Ijumaa ya tarehe 22 Aprili 1904, mbunge mmoja kijana, umri wake miaka 29, alisimama katika Bunge la Uingereza kuchangia muswada uliohusu vyama vya wafanyakazi na migogoro ya kazi. Alikuwa amejiandaa kweli kweli. Hoja zilifuatana vizuri, sauti ilisikika, na hata wale wasiompenda walitulia kumsikiliza. Zilikuwa zimepita kama dakika arobaini na tano alipofika kwenye hitimisho, pale ambapo msemaji hukusanya yote aliyoyasema na kuyafunga kwa sentensi nzito. Akaianza sentensi hiyo, kwamba sasa ni juu ya serikali kuwaridhisha wafanyakazi. Katikati yake maneno yakamkatikia.

Akarudi nyuma, akaianza upya. Ikakatika pale pale. Akapapasa kutafuta kikaratasi chochote cha kumwokoa, asikione. Wenzake wakapaza sauti za kumtia moyo ili apate nafasi ya kuvuta pumzi, lakini kadiri sekunde zilivyopita ndivyo kichwa kilivyozidi kuwa kitupu. Mwishowe akawashukuru waheshimiwa wabunge kwa kumsikiliza, akaketi, akajifunika uso kwa mikono. Habari ikafika magazetini.

Mbunge huyo alikuwa Winston Churchill. Ndiyo, huyo huyo ambaye miaka 36 baadaye, akiwa Waziri Mkuu, hotuba zake ziliwapa Waingereza nguvu ya kuendelea kupigana na Hitler. Hotuba za 1940 zinajulikana na wengi. Ya 1904 husahaulika, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida zaidi kwa mtu wa kawaida ambaye kesho au keshokutwa ataitwa mbele ya kadamnasi na kukabidhiwa kipaza sauti.

Siku ile ilikuwa na uchungu wa pekee. Baba yake, Lord Randolph Churchill, aliwahi kuwa Waziri wa Fedha na alikuwa msemaji mkali wa enzi zake. Miaka yake ya mwisho ugonjwa ulimharibu, akawa anasimama ndani ya Bunge lile lile na maneno yanampotea huku wenzake wakiinamisha macho kwa aibu. Alifariki Januari 1895 akiwa na miaka 45 tu. Wabunge wazee waliomwona baba akififia ndio waliomwona mwana akikwama mwaka 1904, na wapo walionong'ona kwamba huenda ugonjwa wa baba umeshaanza kumwingia mtoto. Fikiria kijana aliyekaa pale, uso mikononi, akijua vizuri watu wanawaza nini.

Lakini hakuwa mgonjwa. Hakuwa mwoga pia: huyu ni mtu aliyetekwa na Makaburu mwaka 1899, akatoroka gerezani Pretoria na kujipenyeza hadi Lourenço Marques, ndiyo Maputo ya leo. Mvivu hakuwa kabisa. Kilichomwangusha ni kwamba aliikariri hotuba nzima, neno kwa neno, akaingia nayo ndani ya Bunge kwa ghibu bila maandishi ya maana mkononi. Aliamini kichwa chake kitamtosha.

Na hapo, ndugu msomaji, tusimcheke. Kwetu kuna sifa moja ambayo msemaji akipewa anavimba kifua wiki nzima: "Yule bwana kaongea nusu saa, hakushika hata karatasi!" Tunaisema kwenye harusi, msibani, kwenye mahafali na kwenye mikutano ya kampeni. Anayesoma tunamwona hana uhakika. Anayetiririka mikono mitupu tunamwona msomi. Mimi mwenyewe nikimwona msemaji anakuja jukwaani bila kitu mkononi, kabla hajafungua mdomo nimeshampa alama za juu. Kwa kuwa tunaitoa sifa hiyo kwa wengine, siku yetu ikifika tunaitaka na sisi. Ndiyo maana nasema sote tumo kwenye hatari hii, mwandishi wa makala haya akiwa wa kwanza.

Kinachonisikitisha katika kisa cha Churchill ni kwamba ajali ile haikuja ghafla. Dalili zilikuwepo, moja baada ya nyingine, na kila moja aliisoma vibaya.

Dalili ya kwanza ilijificha ndani ya kipaji. Alipokuwa mwanafunzi Harrow, shule maarufu ya watoto wa wakubwa, alikuwa katika darasa la chini kabisa kimasomo. Hata hivyo alishinda tuzo iliyoshindaniwa na shule nzima kwa kumkariria mwalimu mkuu mistari 1,200 ya mashairi ya Macaulay bila kukosea hata mahali pamoja. Mtoto mwenye kumbukumbu ya namna hiyo hujifunza mapema kwamba kukariri kunalipa. Tunao watoto kama hao mashuleni kwetu, wanaopanda jukwaani siku ya wazazi na kushusha ngonjera ndefu bila kumeza mate, ukumbi ukashangilia. Ni jambo zuri na linakuza ulimi. Ila mtoto huyo asipofundishwa mapema kuwa kukariri shairi ni kazi moja na kuhutubia ni kazi nyingine, atakua akidhani ni kitu kimoja. Shairi halibadiliki, na hakuna anayesimama katikati yake kukupinga.

Dalili ya pili ilikuwa wazi zaidi, na ilitokea ndani ya Bunge lenyewe, siku ya hotuba yake ya kwanza, tarehe 18 Februari 1901. Mjadala ulihusu vita vya Makaburu. Kabla yake angezungumza David Lloyd George, mbunge wa chama cha Waliberali, naye Churchill alitazamia Lloyd George awasilishe pendekezo fulani, kwa hiyo akakariri mianzo kadhaa ya kumjibu. Lloyd George akabadilisha mawazo. Hakuliwasilisha lile pendekezo. Alitoa tu hotuba kali. Mianzo yote ya Churchill ikawa haina pa kushika. Aliyemwokoa ni mbunge mkongwe aliyeketi jirani yake, Thomas Gibson Bowles, ambaye alimnong'oneza sentensi moja ya kejeli: kwamba bora mheshimiwa angewasilisha pendekezo lake la upole bila hotuba kali, kuliko kutoa hotuba kali bila pendekezo la upole. Churchill akasimama, akaisema, Bunge likacheka, na kutoka hapo akapata njia ya kuingia kwenye maneno yake aliyoyakariri.

Watu wakampongeza. Yeye mwenyewe alikuja kukiri kwamba miaka ile, na kwa muda mrefu baadaye, hakuweza kusema jambo lolote la maana ambalo hakuliandika na kulihifadhi kichwani kabla. Basi siku ile ya 1901 ilikuwa imemwonyesha kila kitu. Kitu kidogo kimebadilika mbele yake na hotuba nzima imekosa mlango, akaokolewa na jirani. Ingekuwa siku ya kurudi nyumbani na kujiuliza, je, asingekuwepo Bowles? Lakini nani hujiuliza swali la namna hiyo siku anayopongezwa? Tukinusurika tunahesabu tumeshinda. Makofi yana ubaya huo: hayatofautishi aliyejua na aliyebahatisha.

Ya tatu ni uzoefu wa aina moja. Kabla ya kuingia bungeni alikuwa amezunguka Uingereza na Amerika akitoa mihadhara juu ya kutoroka kwake, akionyesha picha kwa taa ya kurushia ukutani. Alizungumza usiku baada ya usiku, kumbi nyingi zikajaa, akapata fedha nyingi. Lakini kisa kilikuwa kile kile, chake mwenyewe, mbele ya watu waliolipa kiingilio ili wamsikie. Ni mara chache tu alikatizwa au kuzomewa. Uzoefu huo humpa mtu ujasiri wa kweli, ila ni ujasiri wa ukumbi ule na mada ile. Anayeongoza ibada kila wiki bila wasiwasi anaweza kutetemeka mbele ya kamati ya bajeti. Mwalimu anayetawala darasa la wanafunzi sabini anaweza kukwama mbele ya wakwe. Tukiulizwa "umezoea kuongea?" tujibu kwanza: kuongea wapi, juu ya nini, na nani akisikiliza?

Ya nne ilikuwa hali ya roho yake. Mwanzoni mwa mwaka 1904 alikuwa amegombana na chama chake cha Konsavativu juu ya ushuru wa bidhaa za nje. Tarehe 29 Machi aliposimama kuzungumza, Waziri Mkuu Arthur Balfour aliinuka akatoka nje, mawaziri wakamfuata, kisha wabunge wa chama chake wakatoka mmoja mmoja, wengine wakisimama mlangoni kumzomea. Wiki tatu na kidogo baadaye ndipo akaja na hotuba ndefu, ya mada ngumu, yote kichwani. Kumbukumbu ya maneno haipendi moyo uliochafuka. Ukiwa umelala vibaya, umegombana, umefiwa au umesafiri usiku kucha, cha kwanza kukuasi ni maneno ya kukariri. Yale unayoyajua kwa kuyaishi hubaki. Churchill alikuwa na kila sababu ya kujiambia: wiki hizi si za kujiamini kupita kiasi, acha nibebe maandishi. Hakuyabeba.

Kwa nini hitimisho, na si mwanzo? Nadhani wote waliowahi kukariri wanalijua jibu. Maneno ya kukariri ni shanga kwenye uzi mmoja: kila moja huivuta inayofuata, na uzi ukikatika hakuna shanga inayojua iende wapi. Katikati ya hotuba kuna takwimu na mifano ambayo msemaji anaielewa. Akisahau neno, ataweka jingine. Hitimisho ndilo tunalolipamba. Ndiko kwenye sentensi ndefu zenye mizani, ambazo zikikosa neno moja haziwezi kusimama. Kwa hiyo mahali tulipojaza mapambo mengi ndipo penye hatari kubwa, na tunafika hapo tukiwa tumechoka.

Mtu anaweza kusema hayo yalikuwa mambo ya mwaka 1904, leo watu wameerevuka. Nenda Manchester, tarehe 23 Septemba 2014. Ed Miliband, kiongozi wa chama cha Leba, anahutubia mkutano mkuu wa chama chake, uchaguzi ukiwa umebaki chini ya miezi minane. Mtindo wa kuhutubia bila karatasi ulikuwa na historia nchini humo. David Cameron aliufanya mwaka 2005 huko Blackpool wakati akiwania uongozi wa Konsavativu, akaonekana mtu mpya, akashinda. Miliband naye akaufanya mwaka 2012, zaidi ya saa nzima akitembea jukwaani bila maandishi, na magazeti yakamsifu kwamba kumbe huyu ni kiongozi. Akarudia 2013. Sasa ni mara ya tatu, na wakati huu ratiba imembana: siku tano tu zilizopita kulikuwa na kura ya maoni ya uhuru wa Scotland, na viongozi wote wakubwa wa Uingereza walikuwa wamejitupa huko.

Ukumbini hakuna aliyeona tatizo. Miliband hakubabaika na hakukatikiwa. Alitiririka zaidi ya saa moja, akapigiwa makofi, akashuka. Tatizo ni kwamba waandishi wa habari walikuwa wamepewa hotuba iliyoandikwa, na walipoilinganisha na iliyosemwa wakaona pengo. Sehemu ya nakisi ya bajeti ya serikali haikusemwa kabisa, na sehemu ya uhamiaji nayo iliachwa. Hayo ndiyo mambo ambayo wapinzani wake walikuwa wakimshutumu kila siku kwamba hayajali. George Osborne, Waziri wa Fedha wa wakati huo, hakupoteza muda kulishika. Kesho yake Miliband alipita kwenye vyombo vya habari akieleza kwamba kuzungumza bila maandishi ndivyo kulivyo, vingine huachwa.

Mei 2015 chama chake kilishindwa, kikapata viti 232 kati ya 650, naye akajiuzulu siku iliyofuata. Nisiseme uongo kwamba hotuba moja ndiyo iliyomwangusha. Uchaguzi una mambo mengi. Lakini aliwapa wapinzani silaha wakaitumia hadi siku ya kura, na aliwapa kwa sababu tu alitaka kuonekana hana karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Churchill alijua amepoteza. Miliband alipotelewa na sehemu nzima ya hotuba huku makofi yakiendelea. Mimi naogopa zaidi hili la pili.

Najua pingamizi litakalokuja, hasa kutoka kwa wasomaji wa Tanzania: mbona Mwalimu Nyerere alizungumza saa nzima bila kusoma, akacheka, akauliza maswali, akarudi kwenye hoja, na hakupotea? Ni kweli, na ndiyo inayotupotosha. Tunachokiona ni mikono mitupu. Hatuoni miaka ya ualimu hadi alipoacha kufundisha Pugu mwaka 1955, wala mikutano isiyohesabika ya TANU, wala makala na vitabu alivyoandika kwa mkono wake. Hatumwoni akikaa kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*, kazi ambayo nadhani inamfundisha mtu kupima neno kuliko kozi yoyote ya uongozi. (Katika hiyo ya kwanza watu wawili wanahutubia umati ule ule juu ya kifo kile kile, na umati unageuka. Mtu akitaka somo la hotuba aanzie hapo.) Mwalimu hakuwa amekariri maneno ya siku ile. Alikuwa akizungumza jambo alilolitafakari maisha yake yote. Ungemkatiza angekujibu na kuendelea.

Au mtazame Martin Luther King pale Washington tarehe 28 Agosti 1963. Alikuwa na hotuba iliyochapwa, iko mbele yake. Alipofika karibu na mwisho aliacha kuisoma na kuingia kwenye maneno ya ndoto ambayo dunia inayakumbuka. Lakini maneno hayo hayakuzaliwa pale. Alikwisha kuyatumia kwingine, Detroit miezi miwili kabla. Aliiacha karatasi kwa hiari yake, huku iko pale pale endapo angeihitaji. Yeye aliiacha karatasi. Sisi tunaingia ukumbini hatunayo kabisa, halafu tunajiita majasiri.

Churchill alifanya nini baada ya aibu ile? Jambo la kwanza ni kwamba hakunyamaza. Wengi wetu tukikwama mara moja tunajiapiza kutosimama tena, na kila tukiombwa kusema neno tunamsukumia mwenzetu. Yeye, kabla hata wiki sita hazijapita, tarehe 31 Mei, alihama chama hadharani, akavuka ukumbi na kuketi upande wa Waliberali, karibu na yule yule Lloyd George aliyemvurugia mianzo mwaka 1901. Akaendelea kuzungumza.

Jambo la pili ni kwamba hakuacha kujiandaa, ila alibadilisha anachokibeba. Toka siku ile hakusimama tena kwa hotuba nzito bila maandishi kamili mkononi. Kwa miaka mingi makatibu wake walizichapa hotuba kwa namna ambayo ofisini kwake iliitwa mtindo wa zaburi. Ukurasa haukujazwa maneno kutoka pembe hadi pembe kama barua. Kila kifungu cha sentensi kilipewa mstari wake mfupi, mingine ikisogezwa ndani, ili jicho likishuka mara moja lichote pumzi moja ya maneno, kisha lirudi kwa wasikilizaji. Kurasa za namna hiyo za mwaka 1940 bado zimehifadhiwa kwenye nyaraka zake huko Cambridge, nyingine zikiwa na masahihisho ya kalamu yaliyofanywa dakika za mwisho.

Lizingatie hili, maana ndilo kiini. Bunge lile lina desturi ya kutoruhusu mbunge kusoma hotuba kama anayesoma gazeti. Kuchungulia maandishi ili kujikumbusha si kosa. Mtindo wa zaburi uliheshimu desturi hiyo. Aliyemsikiliza alisikia mtu anayezungumza naye, na msemaji alijua kwamba sentensi inayofuata ipo, haiwezi kumkimbia. Kujua hivyo tu kunatosha kutuliza moyo. Ujasiri wake wa 1940 ulikuwa na karatasi ndani yake. Na husimuliwa kwamba rafiki yake F. E. Smith alikuwa akimtania kuwa ametumia miaka bora ya maisha yake kuandaa hotuba za papo kwa papo.

Tunaweza kuzitafuta dalili zile zile kwetu wenyewe kabla hatujasimama. Fanya mazoezi na mtu wa nyumbani, mkeo, mumeo, kaka au dada. Mwambie akukatize katikati kwa swali lolote, hata la kipuuzi, la chumvi iko wapi. Ukimjibu na kuendelea ulipoishia, hotuba ni yako. Ukilazimika kurudi kwenye "Ndugu mgeni rasmi" ndipo uweze kuendelea, umeikariri tu, na bora ugundue hilo jikoni kuliko ukumbini. Kisha mwambie akuanzishe kwenye hoja ya tatu bila kupitia ya kwanza. Hapo wengi hukwama.

Jipime pia kwa saa. Shughuli zetu zinajulikana: mgeni rasmi amechelewa, mvua imenyesha, chakula kimepoa, na mshereheshaji anakunong'oneza, "Mzee, zile dakika kumi sasa ni tatu." Aliyekariri hawezi kuikata hotuba. Ama ataisema yote mbio mbio mpaka ukumbi uanze kupiga makofi ya kumfukuza, ama ataruka kipande na kupoteza njia. Mwenye karatasi ya hoja tano hupiga mstari juu ya mbili, akasimama, akasema tatu kwa utulivu. Kama wazo la kupunguziwa muda linakutia jasho, hiyo ni dalili, usiipuuze.

Na ile hofu ya kwamba utaonekana unasoma ina dawa, wala si ngumu. Usiandike hotuba nzima kwenye kurasa nne za herufi ndogo halafu uinamishe kichwa mpaka "asanteni kwa kunisikiliza". Hilo nalo ni kosa, na wasikilizaji wameteseka nalo vya kutosha kwenye risala zetu. Andika sentensi ya kwanza na ya mwisho kwa ukamilifu, maana hizo ndizo nyakati mbili ambazo moyo hupiga sana. Katikati weka maneno machache ya kukushtua: jina, tarakimu, mwanzo wa kisa. Herufi ziwe kubwa kiasi cha kusomeka karatasi ikiwa mezani na wewe umesimama. Tia namba kwenye kila ukurasa, kwa sababu karatasi huanguka, na zikianguka huokotwa na mtu aliye karibu kwa mpangilio wake mwenyewe. Simu isiwe tegemeo pekee. Hujifunga kioo, huishiwa chaji, na shangazi hupiga saa ile ile ulipofika kwenye hoja kuu. Ukimaliza mpe nakala mtu mmoja unayemwamini, aketi safu ya mbele. Ukikwama atakuwa Bowles wako, na safari hii umemwandaa.

Ukikwama pamoja na hayo yote, nyamaza, tazama karatasi, kunywa maji. Kimya cha sekunde tano kwako ni mwaka. Kwa wasikilizaji ni mtu anayefikiri. Kisha soma hoja inayofuata hata kama ile ya kati imepotea. Wao hawana hotuba yako mikononi, hawajui umeruka nini.

Na kama ni shughuli ya harusi, juu kabisa ya karatasi andika majina ya bwana na bibi harusi na ya wazazi wa pande zote mbili, hata kama bibi harusi ni mtoto wa dada yako uliyemlea mwenyewe.